Zizi lisilo na msimu: kisa cha madume 11 wa Kongwa

Mzee aliniita kwa ajili ya ndama, wala hakuwa na habari na madume. Ilikuwa Oktoba, majani yamekwisha, upepo wa Kongwa unapeperusha vumbi jekundu, na ndani ya wiki mbili ndama wanne walikuwa wamekufa. "Bwana mifugo, kuna kitu kimeingia zizini," aliniambia kwenye simu. Nilifika na kisanduku changu cha dawa nikampasua yule wa nne, ambaye alikuwa bado hajafukiwa. Tumbo lilikuwa tupu. Mama yake alisimama hatua chache kutoka pale, mbavu zinahesabika, kiwele kimesinyaa kama mfuko uliomwagwa nafaka.

Ndama yule alikufa njaa, na njaa yenyewe ilianza mapema Januari, siku mama yake alipopandwa. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 285, pungufu au zaidi kidogo kwa hawa wetu wenye nundu. Anayepandwa mwanzoni mwa Januari huzaa katikati ya Oktoba, na Oktoba mkoani Dodoma ni mwezi wa kungoja mvua, si wa kunyonyesha. Hakuna dawa ya hilo kwenye kisanduku changu.

Kundi lilikuwa kubwa kwa mfugaji binafsi: majike 124 waliokwisha kuzaa, mitamba 26 waliofikia umri wa kupandwa, maksai, ndama, na madume 11. Wote walitoka asubuhi pamoja wakarudi jioni pamoja, mwaka mzima. Damu ilikuwa ya Boran iliyochanganyika na zebu wa kienyeji. Eneo la mzee mwenyewe lilikuwa ekari 600 na ushei. Kwingine kote walichunga ardhi ya kijiji na kunywa kwenye lambo la wote.

Nilimwuliza ndama wangapi walizaliwa mwaka ule. Akasema wengi. Nikauliza wengi kiasi gani, akamwita mchungaji wake, mtu mzima wa Kigogo aliyekuwa na kundi lile tangu likiwa ng'ombe 20. Huyo babu hakuwa na daftari. Alikaa kwenye jiwe akaanza kuwataja majike mmoja mmoja kwa majina ya rangi na pembe: nani alizaa, mbaazi ikiwa imetoa maua au imevunwa, kabla ya mnada gani, na ndama wake yuko wapi sasa. Tulitumia karibu siku nzima. Mimi niliandika, yeye alikumbuka, na pale nilipomjaribu kwa kumrudisha nyuma hakukosea hata mara moja.

Hesabu ilitoka hivi. Kati ya majike na mitamba 150, ndama waliozaliwa katika miezi 12 walikuwa 71, yaani chini ya nusu. Kati ya Agosti na Novemba walizaliwa 24, na 11 kati yao wakafa. Kati ya Desemba na Februari walizaliwa 34, wakafa 2. Miezi iliyobaki ilitoa 13, akafa 1. Waliofika umri wa kuachishwa walikuwa 57. Mzee aliitazama karatasi kwa muda. "Kwa hiyo nalisha 150 nipate 57," alisema. Ndiyo, mzee.

Hapa niungame jambo ambalo litaeleza makosa yanayofuata. Jibu la kisa hiki lilikuwa tayari kwenye ile karatasi. Nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikulisoma.

Kwanza tulishughulikia madume, kwa sababu ndio waliokuwa rahisi. Niliwakagua mmoja mmoja kwenye kibanio. Wawili walikuwa wazee, miguu ya nyuma imechoka, wanapanda wakidondoka. Mmoja alikuwa na korodani moja tu iliyoshuka. Wengine wanne walikuwa vijana waliozaliwa zizini mle mle, na kwa kuwa baba zao walikuwa bado kazini, walikuwa wanapanda dada zao huku wazee wao wakipanda mabinti. Tukauza watatu, tukahasi wale vijana wanne, tukabaki na wanne wazuri. Mzee akanunua madume wawili wa Boran ambao walikuwa hawajawahi kupanda. Nilisisitiza hilo la kutowahi kupanda, kwa sababu kuna maradhi kama trikomona na kampilobakta ambayo dume huyabeba bila dalili yoyote, akayasambaza kwa kila jike, nawe ukabaki kushangaa kwa nini ng'ombe wananenepa bila kuzaa. Tulipima pia damu kwa ajili ya brusela, maradhi ya kutupa mimba, kabla ya kumruhusu yeyote kuingia.

Kwa malisho ya vichaka kama yale, dume mmoja mkomavu hutosha majike 25 hadi 30. Sita walitosha kabisa. Mzee alikuwa na 11, akidhani wingi wao ndio uzazi. Nusu ya siku walikuwa wanapigana wao kwa wao.

Kisha ikaja kazi ngumu: kuwatoa. Dume akikaa kundini mwaka mzima hakuna msimu, kuna bahati tu. Lakini dume aliyetolewa lazima alale mahali, achungwe na mtu, anywe maji pasipo harufu ya majike. Tulimaliza kwa kuwaweka pamoja na maksai, kundi la pili lenye mchungaji wake, upande wa mbali wa ekari zile, zizi lao likizungushiwa miiba mara mbili. Mshahara wa mtu mmoja zaidi ndio gharama kubwa kuliko zote katika mpango huu, na mfugaji asiyeuweza asianze.

Tatizo ambalo sikulitegemea lililetwa na mama wa nyumba. Alikuwa amekaa kimya siku zote tukizungumza mambo ya madume. Jioni ya tatu akauliza, "Sasa wakizaa wote kwa pamoja, Septemba watoto watakunywa nini?" Wachungaji pia hulipwa sehemu yao kwa maziwa, na yeye mwenyewe alikuwa anauza lita chache kila siku barabarani, pesa ya sabuni na daftari za shule. Kwa mtu wa ranchi ya nyama pekee swali hilo halipo. Kwa familia ya mfugaji wetu ndilo swali la kwanza, na nadhani mipango mingi ya msimu imekufa kimyakimya kwa sababu wataalamu hatukumwuliza aliyeshika kibuyu. Tukatenga majike 14 wenye maziwa mengi, tukawapa dume mmoja wa kukaa nao mwaka mzima karibu na nyumba. Hao wakawa ng'ombe wa mama, nje ya hesabu yangu. Waliobaki 136 wakapewa madume watano na kalenda.

Na kalenda ndipo nilipokosea.

Ng'ombe akitakiwa kuzaa kila mwaka, siku 365 ukitoa 285 za mimba zinabaki 80. Katika siku hizo 80 lazima mfuko wa uzazi urudi katika hali yake, jike ashike joto tena, yaani awe tayari kupandwa, na mimba iingie. Joto hujirudia kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo ana nafasi chache sana, na jike aliyekonda huku ananyonyesha huenda asishike joto kabisa kwa miezi kadhaa. Mwili huanza kuhudumia maziwa. Mimba mpya hungoja mafuta yarudi.

Tuliofundishwa darasani tunajua ushauri wa vitabuni: panga jike azae mwezi mmoja hivi kabla ya majani, ili maziwa yake yanapofika kilele, wiki ya sita au ya nane, malisho nayo yawe yamenoga. Ni ushauri mzuri kwa mwenye ghala la hei, yaani majani yaliyokaushwa. Mvua za Kongwa huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kukatika Aprili. Nikapiga hesabu kwenda nyuma, nikamwambia mzee aingize madume tarehe 20 Januari, uzazi uanze Novemba mosi. Na kwa kuwa huwezi kulibana kundi lililozoea mwaka mzima kwa mara moja, mwaka wa kwanza tuliwaacha madume miezi 6, hadi tarehe 20 Julai.

Mwishoni mwa Septemba nilipima mimba kwa mkono, siku mbili, glavu hadi begani. Kati ya 136, wenye mimba walikuwa 91. Wakavu, wasio na mimba, 45. Wazee na wenye meno yaliyokwisha, 12, waliuzwa. Wengine 33 niliwaombea msamaha, kwa sababu mwaka wa mpito si haki kumhukumu jike: wengine walikuwa wamezaa miezi michache tu nyuma. Mzee alifurahi. Mimi pia.

Novemba ndama wakaanza kuzaliwa kama nilivyoahidi. Mvua haikuja. Ikapita wiki ya kwanza ya Desemba, ya pili, na ilipofika wiki ya tatu ndipo wingu la kweli likafunga. Hadi wakati huo ndama 31 walikuwa wamezaliwa kwenye vumbi, na 10 walikufa. Nilishika kiuno cha jike mmoja aliyekuwa ametoka kuzaa, nikapitisha kidole katikati ya mifupa ya uti wa mgongo. Katika alama zetu za hali ya mwili, 1 hadi 9, tunataka jike azae akiwa na 5. Yule alikuwa 3, na wenzake wengi vivyo hivyo. Mzee hakunilaumu kwa maneno. Alisema tu, "Bwana mifugo, mwaka jana wamekufa 11 bila wewe."

Waliozaa kati ya katikati ya Desemba na Februari walikuwa 38, ndama 2 tu wakafa. Machi na Aprili walizaliwa 17, wakafa 4, safari hii kwa matope, kuhara na kupe. Josho la kuulia kupe lilikuwa halifikiki kwa wiki mbili na ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikawakuta ndama wadogo. Kwa hiyo mwisho wa mvua nao una mauti yake, ya namna nyingine.

Tayari nilikuwa nimewaruhusu madume kuingia tena tarehe 20 Januari, kwa kufuata karatasi, watoke tarehe 20 Mei. Vitabuni, jike aliyezaa mapema ndiye mwenye bahati: ana muda mrefu wa kupona kabla dume hajatoka. Nilipopima mwishoni mwa Julai nikakuta kinyume. Kati ya wale 31 wa mwanzo, wenye mimba walikuwa 21, na kwa ukubwa wa mimba chini ya mkono wangu, 17 kati yao walikuwa wamepandwa baada ya tarehe 20 Machi. Madume walikuwa nao tangu Januari! Miezi miwili nzima madume walitembea bure katikati ya majike wasioshika joto. Kati ya wale 38 waliozaa majani yakiwepo, 30 walikuwa na mimba. Wale 17 wa mwisho, 7 tu, kwa sababu dume alitoka kabla hawajapona.

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni pale Kibaigwa, nilichukua tena karatasi ya siku ya kwanza, ile ya babu. Ndama 34 kati ya 71, karibu nusu, walikuwa wamezaliwa Desemba hadi Februari, wakati dume alikuwepo mwaka mzima na hakuna aliyepanga chochote. Rudisha siku 285 nyuma: Machi, Aprili, Mei. Yaani majike wenyewe walikuwa wakisema miezi ambayo miili yao iko tayari, baada ya wiki kumi au zaidi za majani mabichi, na babu akanisomea, nami nikaweka tarehe kutoka darasani juu yake. Ardhi ile imeshawaaibisha wakubwa kuliko mimi. Ni Kongwa hii hii ambako mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kuifanya bahari ya karanga, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Mvua na udongo havikuwahi kuusoma. Baadaye eneo likawa la ng'ombe.

Mwaka wa tatu madume waliingia tarehe 10 Machi wakatoka tarehe 10 Juni. Uzazi ukaangukia Desemba 20 hadi Machi 22 hivi. Mitamba walitangulia kupewa dume wiki tatu kabla ya mama zao, kwa sababu jike wa uzao wa kwanza huchelewa zaidi ya wote kushika joto baada ya kuzaa, akiwa bado anakua huku ananyonyesha. Hatukumwingiza mtamba kwa umri. Tuliwafunga kamba ya kupimia uzito kifuani, na aliyepungua kilo 250 alisubiri mwaka mwingine. Madume nao walianza kulishwa vizuri tangu Januari, kwa kuwa mbegu za dume huchukua karibu siku 60 kutengenezwa. Dume unayemnenepesha wiki moja kabla ya kazi anaingia na mbegu za njaa ya juzi.

Mabadiliko mawili mengine yalisaidia, na pengine yalisaidia kuliko hata tarehe. Tulifunga ekari 120 tangu Februari, asiingie ng'ombe, majani yakaukie pale pale yamesimama. Wasukuma wanaita ngitili, Wamasai alalili. Babu alikuwa na jina lake na alikuwa akilipigia debe kwa miaka. Zikafunguliwa Oktoba kwa wenye mimba peke yao. Na kwa siku 60 za mwisho wa mimba, majike waliokuwa chini ya alama 4 pamoja na mitamba wote walipewa kilo moja ya mashudu ya alizeti kila mmoja jioni. Alizeti huku haina uhaba. Kulisha majike 40 waliokonda kwa miezi miwili kunawezekana. Kulisha 150 kwa mwaka mzima, kwa sababu kila mwezi kuna anayezaa, hakuna anayeweza. Hii ndiyo faida ya msimu ambayo haionekani kwenye hesabu ya ndama: njaa ya kundi inakuja siku moja, nawe unaingojea na gunia.

Tulipima mwezi Agosti: majike 128 walikuwa wamekaa na madume, 101 wana mimba. Wakavu 27. Safari hii sikuwaombea msamaha. Mzee aliwapeleka 19 mnadani Kizota mapema kabla hawajakonda, na Agosti jike mkavu aliyenona analipa. Nane akakataa kuwauza. Wawili walikuwa wa mahari ya binti yake, mmoja aliachiwa na marehemu mama yake, na waliobaki sikuambiwa sababu. Nilibishana kidogo nikaacha. Si kila ng'ombe aliye zizini ni wa hesabu yangu.

Kwa wale 101, walizaliwa ndama 97 wazima na 90 wakaachishwa, wote siku moja mwishoni mwa Agosti iliyofuata, wengi wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 8. Kabla ya hapo kazi ya kuachisha, kuhasi na kutia hereni ilikuwa haina mwanzo wala mwisho. Wanunuzi wa maksai kutoka upande wa Pugu, Dar es Salaam, walimlipa vizuri zaidi walipoona kundi la umri mmoja na kimo kimoja. Niseme wazi kwamba mvua za mwaka ule zilikuwa njema, na kwamba majike wabovu walikuwa wameshaondoka. Sehemu ya 90 ile ni ya mawingu na ya mnada, si ya kalenda. Mwaka wa mvua mbaya ndio utakaosema.

Yalibaki mambo mawili ya kufunga: maradhi ya brusela, ambayo tulipata jike mmoja tu na akaondolewa, na lambo. Lambo ni la wote. Majirani wana madume, madume hawasomi kalenda, na mchungaji wa watu hawezi kusimama katikati ya kiu ya ng'ombe 200. Tulizungumza na kaya tatu za karibu. Mzee akajitolea kuwaazima dume wa Boran miezi ambayo yeye hamtumii, nao wakakubali kunywesha asubuhi, sisi mchana. Ilifanya kazi kwa kiasi.

Kwa kiasi, kwa sababu Juni iliyofuata simu yangu ililia asubuhi mapema. Mzee alikuwa anacheka. Kati ya wale wakavu wanane aliokataa kuwauza, sita walikuwa wamezaa au wako njiani, na ndama wote walikuwa na mabaka meusi ambayo dume wetu hata mmoja hana. Walikuwa wameachishwa ndama zao Agosti, na jike akiachishwa ndama mara nyingi joto hurudi ndani ya siku chache. Wakaenda kunywa maji Septemba, wakarudi na siri. "Hawa ndio uliosema wakavu?" aliniuliza.

Nilikwenda kuwatazama. Walikuwa na maziwa, na kiangazi kilikuwa kinaanza. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu kuwarudisha kwenye msimu, itachukua mwaka, ndama waachishwe mapema au walishwe mashudu. Mama wa nyumba alikuwa ameshafika na kibuyu chake. Majike wanne kati ya wale 14 wake walikuwa wamekauka maziwa, akawatoa, akawahesabu hawa sita, akachukua wanne waliokuwa na kiwele kikubwa akawaingiza kwenye zizi lake. Wawili waliobaki alimwachia mzee awapeleke Kizota.